Fundi wa Tunduma Ni Mimi

Leo kaka yangu amenikana mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda.

Ile stika nyekundu kwenye tanki la pikipiki yake niliibandika mimi. Siku mbili nimejifungia chumbani kukwepa vumbi. Naipasha juu ya jiko la mkaa ilainike, naivuta kwenye kona, nasukuma mapovu kwa kadi niliyoizungushia kitambaa. Vidole vimeungua.

(Mnaonijua mnajua siongei sana.)

Asubuhi nimetumwa sukari. Napita kijiweni, namsikia mwenzake anamuuliza, "Gwamaka, nani kakubandikia? Haina hata povu moja!"

"Fundi wangu wa Tunduma huyo. Si wa mchezo."

Nimesimama pale pale. Na ameniona kabisa!

"We Atu, mama anasubiri sukari."

Wakacheka. Nikaondoka.

Mchana amekuja kula, kabeba madigadi ya pikipiki ya huyo mwenzake. "Mdogo wangu, nibandikie na hii. Ndaga fijo."

Yaani asante ananipa nyumbani tu, watu wasisikie!

Yeye yuko kwenye wali, mimi nikachukua wembe, nikakata herufi kwenye stika iliyobaki, nikazibandika kwenye madigadi ya nyuma ya pikipiki yake mwenyewe Gwamaka:

FUNDI NI ATUPELE.

Ameondoka nayo hajaona. Sijutii.

Mlioko kijiweni, akifika msomeeni kwa sauti.