Uso Uliobaki Kwenye Pasi

Juzi binti wa kaka yangu alikuwa akipiga pasi fulana yake yenye picha kifuani. Akapotelea kwenye simu, na mara ile harufu ikaja. Kama hujawahi kuinusa, ni harufu ya plastiki inayoungua pamoja na pamba, kali kidogo, tamu kidogo. Inapanda puani na kukaa huko kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Yeye alipiga yowe kwa ajili ya fulana. Mimi niliketi palepale kwenye kochi, nimerudi kuwa na miaka kumi.

Acheni niwasimulie, maana haya sijamwambia hata padri.

Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili, pale Karatu, mtoto asiye na fulana ya picha alikuwa kama ng'ombe asiye na alama. Fulana zilitoka kwenye mitumba ya mnadani, marobota makubwa kama vifaru, na kila robota likifunguliwa walitoka humo viumbe ambao hakuna aliyejua kwao ni wapi: mtu mwenye mkia wa moto, ndege aliyevaa miwani, mzee mwenye ndevu za kijani. Tuliwavaa hivyo hivyo bila kuulizana, kama mtu anavyovaa jina la ukoo.

Wa kwangu alikuwa msichana. Nywele zake zilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, mikononi alivaa ngumi mbili za chuma, na jicho moja alilifumba kama anayekukonyeza kwa siri. Nilimwita Zambarau. Nililala naye, nilikula naye, na Aama, ndiye bibi yetu wa Kiiraqw aliyenilea kule Ganako, alisema nikizeeka nitazikwa naye.

Jirani yetu wa njia ya kwenda shule alikuwa Lekishon, mtoto wa wafugaji wa Arash, upande wa Loliondo, aliyeletwa kusoma, akikaa kwa shangazi yake. Yeye alivaa mnyama mnene wa kahawia mwenye kofia ya nahodha. Mimi nilisema ni fisi. Lekishon alisema ni nyegere.

"Nyegere gani ana tumbo kama gunia la vitunguu?" nilimwuliza.

"Nyegere aliyeshiba," alinijibu. "Wewe utawajuaje, mtoto wa mahindi?"

Tulibishana muhula mzima. Nadhani hata twiga wa Ngorongoro walituchoka.

Sasa, kulikuwa na muuza duka, Mchaga mmoja mcheshi ambaye kila mtu alimwita Mangi. Siku moja alirudi kutoka Arusha na mashine ya gemu, akaifunga kwenye televisheni katika chumba cha nyuma cha duka, palipokuwa na magunia ya sukari. Watoto wa Karatu wote tuliingia humo. Nikisema wote, namaanisha wote, hadi waliokuwa bado mgongoni. Mangi akawasha. Kioo kikatoa muziki wa kupasua kifua, halafu zikaja nyuso, vijumba vijumba, safu kwa safu, kila uso katika kijumba chake.

Kisha mtoto mmoja akasema taratibu, "Yule si wa kwenye fulana ya kaka?"

Alikuwa yeye. Mwenye mkia wa moto alikuwapo. Ndege wa miwani alikuwapo, na mzee wa ndevu za kijani. Viumbe wetu wote, waliotoka katika robota hili na lile, wamekutana mahali pamoja kana kwamba na wao wana mnada wao! Mangi alieleza kwamba kila mmoja alikuwa na hadithi yake, kwao mbalimbali, na aliyetengeneza mchezo huu amewaita wote uwanjani wapigane wajue nani zaidi. Lakini mimi sikuwa nasikia. Kwenye kijumba cha mwisho alikuwa Zambarau. Mangi akamchagua, akatokea uwanjani mzima mzima, na kabla hajapigana alisimama tu, mabega yakipanda na kushuka.

"Anapumua," nilisema. "Mungu wangu, anapumua!"

Nikashika kifua changu kuhakikisha hajatoka. Tangu siku hiyo nimeona mengi, nimeona hata simba akivuka barabara ya lami kama mwenye nyumba, lakini sijawahi kushikwa na bumbuwazi kama lile.

Sheria ilijitunga yenyewe siku ileile: unacheza na uliyemvaa. Kugusa wa mwenzako ilikuwa kama kukamua ng'ombe wa watu. Na mimi, niwaambie bila aibu, nilikuwa hatari. Nilishika padi, kile kidude cha kuchezea, vidole vikakimbia kama panya ghalani. Lekishon na mnyama wake nilimpiga mara elfu moja, labda na moja. Kila nikimwangusha nilisimama juu ya gunia la sukari na kuimba, "Fisi akalale! Fisi akalale!" Yeye aliweka padi chini akarudi kukaa. Kwao mtu hajibu tusi la mtoto wa kike mbele za watu. Nilidhani hana la kusema.

Halafu ikaja Jumamosi ile.

Kwa Aama nguo ni nguo na Jumapili ni Jumapili. Alijaza makaa kwenye pasi yake, ile ya chuma yenye jogoo mdogo mbele, akaichukua fulana yangu nikiwa kisimani. Niliporudi na ndoo nilikutana na harufu mlangoni. Aama alikuwa ameinua pasi, ameigeuza, anaitazama kwa mshangao. Uso wa Zambarau ulikuwa umeganda chini ya pasi. Kwenye fulana zilibaki ngumi mbili za chuma na doa la kahawia mahali pa kichwa.

"Kumbe alikuwa wa nailoni huyu," Aama alisema.

Sikulia. Nilitupa ndoo, nikanyakua fulana, nikakimbia hadi mjini, na ile njia ya saa nzima naapa niliimaliza kwa dakika tano. Nikaingia kwa Mangi nikihema, nikamwomba awashe. Vijumba vikatokea. Cha mwisho kilikuwa cheusi.

Zambarau hayupo.

Mangi alikuna kichwa. "Umeme ulikatika jana nikiwa naichezea. Ile kadi inayotunza kumbukumbu za mchezo imefutika yote. Huyu wako ni wa kufichwa, hatokei hivi hivi. Mwenye mashine wa kwanza, aliyeniuzia, ndiye aliyemtoa."

Maelezo mazuri sana. Sikuamini hata neno moja. Mangi alikuwa mtu wa sukari na mafuta ya taa, angejua nini habari za roho? Mimi nilijua kilichotokea: pasi ya Aama imemuua.

"Anatolewaje?" niliuliza.

"Umalize njia nzima, wapinzani kumi na mmoja, bila kushindwa hata mara moja. Na umcheze huyu tangu mwanzo." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kofia ya nahodha.

Palikuwa na mtu mmoja tu Karatu nzima mwenye haki ya kumcheza huyo.

Nilimkuta Lekishon nyuma ya nyumba ya shangazi yake akichonga fimbo. Nilimweleza yote, nikamwonyesha fulana. Akapitisha kidole kwenye doa.

"Sema kwanza," alisema, "huyu wangu ni nani?"

Nilitazama mawingu, nilitazama kuku. Kisha nikasema, "Ni nyegere."

"Aliyeshiba?"

"Aliyeshiba."

Alijaribu kila alasiri kwa juma zima. Alifika wa sita, akaanguka. Alifika wa tisa, akaanguka. Siku ya mnada alinijia na habari mbaya: mvua zimegoma kwao, baba yake ameleta madume kuuza na atarudi naye leo hii, kwa lori la kwenda Loliondo. Hakusema atarudi lini shule. Tukakimbilia kwa Mangi.

Alikuwa kwa mpinzani wa nane mlango ulipojaa. Baba yake alisimama pale na shuka lake na fimbo, mrefu hadi akainama. Nilimwinamishia kichwa kama Lekishon alivyonifundisha, naye akanigusa utosini kwa kiganja.

"Lori linapakia, layioni," alimwambia mwanawe, yaani kijana kwa lugha yao. Kisha akatazama kioo. Akatazama tena. "Hawa wanagombania nini?"

"Nani zaidi, baba."

"Na ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe."

Mzee akasikitika kwa ulimi. Lakini hakuondoka. Lekishon alimwangusha wa nane, akaanza kumkanyaga akiwa chini, ndivyo tulivyocheza wote.

"Eeh! Mwache," mzee alisema. "Aliyelala hapigwi. Mngoje ainuke."

"Baba, ni gemu tu."

"Na wewe ni nani? Wewe pia ni gemu?"

Lekishon akaacha. Tangu hapo, kila aliyeanguka alingojwa hadi ainuke, avute pumzi, asimame sawa. Mnajua hiyo maana yake? Ni kupigana na kila mtu mara mbili! Wa tisa alituchosha. Wa kumi alibakiza uhai wa nyegere kama uzi. Magunia yote ya sukari yalikuwa yakitetemeka, au ni mimi. Wa kumi na moja alipodondoka, kioo kikawa cheusi, na kivuli kikatokea: nywele, ngumi mbili. Maandishi yakawaka, na Mangi akayasoma kwa sauti: mpinzani mpya.

"Sasa umpige huyo," Mangi alisema. "Ukimshinda, anabaki. Ukishindwa, anapotea."

Lekishon alinigeukia.

"Mpige," nilimwambia.

Barabarani lori lilipiga honi, ndefu, mara tatu. Mzee aligeuza shingo upande wa barabara, akasikiliza, kisha akairudisha kwenye kioo.

"Maliza," alisema.

Mimi, niliyekuwa tayari kuzikwa na Zambarau, nilimwomba Mungu apigwe. Alianguka mara mbili, akangojwa mara mbili. Mara ya tatu hakuinuka, muziki ukalia, na kijumba cha mwisho kikafunguka. Uso wake ulikuwa mle, na jicho lake la kukonyeza.

Nilivua fulana, niliyokuwa nimeivaa juu ya gauni, nikampa Lekishon. Sijui kwa nini. Mikono ilitoa kabla kichwa hakijauliza. Naye akavua yake akanipa. Baba yake alitutazama akasema kwamba kwao watu wakipeana kitu hawaitani tena majina yao, huitana kwa kile walichopeana, wakitanguliza 'Pa'. Aliyepeana dume na mwenzake huitana kwa dume, na vivyo hivyo kondoo.

Lekishon akaivaa ile yangu. "Basi kwaheri, Pafulana."

"Kwaheri, Pafulana," nilisema, na wakatoka.

Ndipo nilipoigeukia mashine na kukumbuka sheria. Unacheza na uliyemvaa. Na mimi nilikuwa nimevaa nyegere.

Sikumcheza Zambarau tena. Hakuna aliyemcheza, maana mwenye fulana alikuwa Arash. Kila mara nikiketi pale nilimpitia kwanza, nikamwacha apumue kidogo, ndipo nikamchagua mnyama wangu wa kofia. Na aliyelala sikumpiga tena. Watoto walinicheka sana, na nilianza kushindwa kama kila mtu.

Nilikuja kumaliza kidato cha nne nikiwa na watoto wawili, kwa masomo ya jioni, na katika kitabu kimoja cha darasani nikamwona mnyama wetu. Ni dubu. Hayupo kuanzia Arash hadi Ganako. Nilicheka peke yangu hadi mwalimu akaniuliza kama ni mzima.

Mwaka uleule, pale stendi ya Karatu, sauti ikaita, "Pafulana!" Alikuwa dereva wa watalii, na kitambi cha nyegere aliyeshiba. Tulikunywa chai, nikamwambia habari za dubu, akakataa katakata. Kisha nikamwuliza kama siku ile walilikuta lori bado linawangoja, maana lilikuwa likiwaita kwa honi.

Lekishon aliweka kikombe chini.

"Lilikuwa halituiti," alisema. "Lilikuwa linaaga. Baba aliijua honi ile, na bado akasema nimalize. Tulilala uwanja wa mnada siku nne, hadi lilipopita lingine."