Antivirus ya Bure Imekula Hati ya Mjane

Mwenye ukurasa, ulifiche jina langu, kwani wapo niliowafundisha kusoma ambao leo wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, mkazi wa Uvira upande wa Kalundu. Sina mazoea ya kutoa nje mambo ya nyumbani kwangu. Naandika kwa sababu nimejichukia.

Vita vilipotukaribia, majirani wengi walivuka kwenda Burundi. Kwenye vizuizi vya njiani watu walinyang'anywa mikoba, na karatasi zao zikachomwa moto. Kwa hiyo kabla ya kuondoka walikuja kwangu, maana nina kompyuta na paneli ya jua. Nilizipiga picha hati zao nikazihifadhi. Mmoja wao ni mjane nitakayemwita Mama Neema. Alileta hati ya kiwanja alichoachiwa na mumewe.

"Mwalimu," aliniambia, "bashemeki yangu banaitafuta hii parsele, hii kiwanja. Hii karatasi ikipotea, minye na batoto tutalala wapi?"

Nilimjibu kwa sauti ya darasani kwamba kwangu hakipotei kitu.

Kompyuta ilikuwa na antivirus ya bure niliyoichagua mwenyewe kwenye intaneti. Ilikuwa nzuri, ila kila mara ilidai kusasishwa, na megabaiti zangu zikaisha. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye kibanda cha kuchapa karatasi karibu na soko, alinicheka.

"Baba mukubwa, weye unalisha ile kitu mega kama mugeni wa harusi! Minye niko na ingine mu flashi. Iko bure, haiombe kitu."

"Umeitoa wapi?"

"Kila muntu iko nayo. Hata muchungaji!"

Flashi ile ilikuwa imeingia katika kompyuta zote za mtaa, nami nilijua. Kikombe kilichopita midomo mingi hivyo nisingekigusa; flashi niliipokea.

Tulipoiweka, antivirus ya zamani ilitoa onyo jekundu kwamba hii mpya ni hatari. Sisi wa huku tumepitiwa na wenye bunduki wengi. Kila kundi huja likisema limekuja kutulinda, na lililotangulia humwita mgeni adui. Tumezoea kutosikiliza shutuma zao. Nikasema, "Ana wivu huyo."

"Mufukuze, baba mukubwa! Balinzi babili habakae ku mulango moja."

Nikaiondoa ile ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya tatu zikaanza kujitokeza picha za wanawake uchi. Zilijitokeza mbele ya mke wa mchungaji, aliyekuja kwangu kuchapiwa nyimbo za kwaya. Aligeukia ukuta, akaniaga akiwa ameutazama ukuta huo huo. Mke wangu akafunika kioo kwa kitenge. Kisha mafaili yakakataa kufunguka.

"Tuiformate tu," kijana akasema. "Itakuwa mupya."

"Na hati za watu?"

"Nazitoa kwanza, naziweka mu flashi."

Alichonakili ni vivuli vya mafaili. Majina yote yapo, hata la Mama Neema, ila ukilibonyeza hakuna kitu nyuma yake. Na kompyuta alikuwa amekwisha kuifuta.

Sasa Mama Neema amerudi. Hati yake ya asili ilichukuliwa kizuizini pamoja na mkoba. Shemeji zake watatu wamekwisha kupanga matofali kwenye kiwanja, na shefu wa mtaa amewaita wote Jumamosi. Jumatatu mjane huyo alikuja kwangu.

"Mwalimu, unitolee ile karatasi."

Nikamwambia betri haina chaji. Jua lilikuwa la kuchoma. Aliitazama paneli juu ya bati, akanitazama mimi, akasema, "Aksanti, Mwalimu. Nitarudi."

Jana kijana akaniletea dawa yake. "Baba mukubwa, si weye unakumbuka yote yenye iliandikwa pale? Natengeneza ingine. Muhuri niko nayo mu ordinatere, mu kompyuta ya kibanda. Uongo iko wapi? Parsele si iko yake?"

Nimewahi kuwafukuza watoto shuleni kwa kughushi sahihi za wazazi wao. Lakini kinachonitia kinyaa si yeye. Ni kwamba nilifungua mdomo nikamuuliza, "Na sahihi, utaitoa wapi?"

Nikisema ukweli, ni neno la mzee mmoja aliyepoteza hati mbele ya wanaume watatu wenye matofali, na mama wa watoto wanne anaweza kulala nje. Nikikubali karatasi ya kijana, itasema kweli tupu, lakini ikigunduliwa atakayefungwa ni yule mjane.

Ndugu wasomaji, msinihurumie. Nielekezeni tu: Jumamosi niingie barazani na nini mkononi?