Kereng'ende Niliyemfunga Uzi

Juzi hapa Euless, mji huu wa ugenini, kwenye kijito nyuma ya apatimenti zetu, kereng'ende mwembamba wa buluu alitua juu ya fimbo yangu, hii aliyoninunulia binti yangu, nzito kama mchi. Nikakumbuka chemchemi ya kwetu na tope lake lililonuka majani mabichi. Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa amesema, "Hawa kereng'ende wakihama, ujue maji yamekwisha, nasi tunahama." Mimi sikutaka kuhama. Basi nikamkamata mmoja, nikamfunga uzi kwenye tete.

Mama akacheka kichovu. "We mwanangu, utawafunga wote?"

Chemchemi ilikauka, tukahama. Kumbe kereng'ende hazuii maji, huyafuata tu. Tangu hapo nimehama mno. Huyu wa Euless nilimwambia, "Kaa, baba." Akaruka zake. Maji bado yapo. Aliyechoka kuhama ni mimi.