Alama Nyekundu Nilizozifuta

Nina hasira mpaka sasa, na wa kulaumiwa ni mimi. Mama Achieng, dereva wa boda boda kutoka Mutuini, aliniletea pikipiki kwenye gereji yangu hapa Dagoretti Corner nimrekebishie valvu. Kufungua injini, nikakuta madoa mekundu kwenye gia na cheni ya kemshafti, ile inayofungua valvu kwa wakati wake. Uchafu gani huu! Nikayasugua kwa kitambaa chenye petroli yakaisha, halafu nikarudisha cheni kwa kukisia, eti mimi fundi mkongwe. Pikipiki ikakataa kuwaka.

Nikamfokea mbele ya wateja: "Mama, umeweka mafuta mbaya!"

Akaokota kitambaa changu, kilichobaki na wekundu, akakiweka kando ya kucha zake nyekundu.

"Fundi, mwenzako wa mwisho alikosea taimingi, cheni ikakaa vibaya, ndio nikaweka alama za mahali pake na rangi yangu ya kucha. Wewe umezifuta?"