Mama Mkwe Juu ya Shimo

Mama mkwe wangu, Kalunde, alianza hoteli yake pale Kikima mwaka wa 1959 akiwa na sufuria moja na mafiga matatu. Mandazi yake ndiyo yaliyosomesha watoto watano, na wa kwanza ni Mbula, mke wangu. Ni mama mnene, akicheka vikombe vinatikisika rafuni. Haya yote nayajua kwa kuambiwa. Kwetu Ukambani mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mimi nina haya kupita kiasi, nilikuwa naingia kichakani nikisikia tu kikohozi chake.

Mwaka wa 1983 Bwana Afya mpya, Nzomo, aliingia sokoni na futi ya kupimia. Kila hoteli iwe na choo cha futi ishirini kufikia Ijumaa saa sita mchana, la sivyo kufuli mlangoni. Mchimbaji wa Kalunde, Ndululu, alifika futi kumi na nne akashikwa na malaria. Mbula akaniambia, "Baba Mutiso, ingia wewe. Huko chini atakuonea wapi?"

Basi nikawa naingia shimoni kabla mama hajafika na kutoka akishaenda nyumbani. Mbula alivuta ndoo za udongo na hakumwambia mamake lolote; mama akadhani Ndululu amepona.

Alhamisi nikasikia sauti juu yangu. "Ndululu! Umefika wapi?"

Nikagonga jiwe kwa sururu. Ko!

"Malaria imekula ulimi? Haya, shika mandazi sita." Ndoo ikashuka na chai. "Kula wewe. Nina mkwe, lakini hata pole hajatuma. Mtu mkimya hivyo, sijui alimwombaje msichana wangu. Labda aliandika barua!"

Ni kweli niliandika barua. Nilicheka, andazi likanipalia, nikakohoa mpaka machozi.

Ijumaa Nzomo akapima. "Kumi na tisa."

Nilichimba kama panya. Saa sita kasorobo akapima tena, akapiga kelele, "Ishirini! Fundi, toka tukuone!" Mbula alikuwa ameenda kutafuta mbao, na Nzomo mwenyewe ni mwembamba kama ufito. Alivuta kamba, nikapanda kidogo, nikarudi chini puu.

"Mama, njoo ushike kamba!"

"Mama asishike!" nikalia kutoka chini. "Ni mimi! Mkwe!"

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake kwa miaka kumi na miwili. Halafu kicheko kilichoanguka shimoni pamoja na mchanga.

Kalunde akajifunika leso kichwani, akageuka, akaweka kamba begani kama anayebeba kuni, akatembea kuelekea jikoni. Nikapaa! Nilitoka nikiwa nimempa mgongo, yeye akinipa wake, na Bwana Afya katikati yetu akigonga muhuri kwenye kibali cha hoteli juu ya goti lake.

"Hoteli haifungwi," akasema. "Na huyu mkwe akija kunywa chai, atatumia choo hiki cha mama?"

"Haiwezekani!" tukajibu sote wawili kwa pamoja, soko zima likacheka.

Kalunde akauambia ukuta wa jikoni, "Bwana Afya, mwambie mtu wangu aanze cha pili Jumatatu. Na mandazi yake sita yako pale mezani. Mimi naangalia huku."