Nadharia Yangu ya Watoro wa Matemwe

Mie mtoto wa Michenzani, pwani naijua kwa kuogelea tu. Juzi, mbele ya idara yetu nzima ya elimu chuoni, nilitangaza kwa madaha kwamba watoto wa Matemwe hutoroka skuli kila baada ya wiki mbili kwa sababu walimu hawawapi moyo. Hata michoro ya rangi nilikuwa nayo.

Mwanaisha, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akanyoosha mkono.

"Samahani, kaka. Siku hizo ni za bamvua, maji hupwa mbali. Watoto wako pwani, wanavuna mwani na mama zao."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Na mie nilikuwa mtoro."

Ukumbi mzima ukacheka, mpaka mimi. Bi Salma, mwalimu wetu, akachukua kalamu, akaandika jina la Mwanaisha kwenye utafiti wangu, juu ya langu.