Malkia Aliyekaa Deleni

Walisema sitamaliza hata sehemu moja ya tamthilia yangu. Na hilo ndilo lililokuwa na adabu katika yote waliyoyasema. Fundi saa wa mtaani kwetu, ambaye ulimi wake hufanya kazi vizuri kuliko saa yoyote aliyowahi kuitengeneza, alitangaza barazani, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mimi nimekwenda Ulaya kuosha masufuria na nimerudi na karatasi ya kutundika ukutani.

"Amesoma bure, yakhe," aliwaambia wenzake, nami nimesimama hapo hapo. "Mtu anaazima sukari kwa mamake, ataweza kutengeneza majini?"

Masufuria niliosha, sikatai. Niliyaosha usiku kwenye jiko la hoteli, katika mji ambao jua lake ni la kubahatisha, na mchana nikaenda chuoni. Sikusomeshwa na serikali wala na mjomba. Nilijisomesha kwa mikono hii miwili, nikapata diploma ya utengenezaji filamu yenye jina langu kwa maandishi ya dhahabu, na mama yangu akaitundika juu ya televisheni, akaiondoa hapo picha ya harusi yake mwenyewe. Watu wanasema najisifu. Nani mwingine atanisifu, fundi saa?

Kazi niliyoirudia nyumbani ilikuwa moja tu. Zamani, kabla sijaanza hata chuo cha Kurani, ilipigwa filamu hapa Mji Mkongwe. Ilikuwa ya malkia wa majini anayetoka baharini kule Chwaka, akafanyiwa hila na mwanadamu mmoja, akafungiwa ndani ya dele la shaba la kahawa. Kifuniko kinafungwa, filamu imekwisha. Majini walivaa vifuu vya nazi miguuni ili waonekane wana kwato, na ukitazama vizuri unaona mmoja amevaa saa ya mkononi. Lakini sisi watoto hatukulala. Kanda ile ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka ikawa inaonyesha mvua tu, na swali likabaki: ametoka au hajatoka? Mimi nimeitazama zaidi ya mara mia mbili. Nikaamua atakayelijibu swali hilo ni mimi, kwa tamthilia ya televisheni ya sehemu sita.

Kituo kimoja cha televisheni kiliahidi kuinunua nikiimaliza. Nikiimaliza, sikilizeni hilo neno. Kabla ya hapo hawakunipa hata nauli. Kwa hiyo kasri la majini nililijenga kwa vitu vya kuazima. Kitanda cha samadari kilitoka kwa bibi arusi wa zamani, jirani yetu wa nyuma. Masinia ya shaba yalitoka nyumba saba. Zulia nililipata kwa muuza vitambaa, na kamera na taa kwa vijana wa chuo kule Tunguu. Hata fundi saa aliniazima saa yake kubwa ya ukutani. "Nakupa," alisema, "ili siku utakaposhindwa niwe na haki ya kusema zaidi."

Na kuazima kwetu kuna adabu yake. Chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Akikuletea sahani ya futari, sahani inarudi na kitu ndani, japo maembe mawili. Mimi nilikuwa nimebeba vyombo vya mtaa mzima. Tamthilia ikifa, nitavirudisha vitupu mlango kwa mlango, na baada ya hapo hakuna baraza nitakayoweza kuipita mchana. Ningerudi kwenye masufuria, Wallahi.

Chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa dele lenyewe, lile lile la kwenye filamu. Analo yule mama aliyecheza malkia. Sasa ni mtu mzima, anakaa Bububu, anaoka mikate ya ufuta, na hakuna anayemwita jina lake. Ni Bi Malkia kwa wakubwa na wadogo.

"Shikamoo, Bi Malkia."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa masufuria?"

"Ndiye mimi, mwenye diploma."

"Ahaa. Vimekuja pamoja." Akanitolea dele kutoka kabatini, limefungwa kanga. Hakuliachia. "Unajua watoto wa hapa wanagonga mlango wangu mpaka leo? 'Bi Malkia, ushatoka?' Nimezeeka humu ndani, mwanangu. Mara hii nitoke."

"Inshallah, Bi."

Alinitazama. Kila mtu hapa anajua kuna inshallah ya ndiyo na inshallah ya kumtoa mtu mlangoni. Yangu ilikuwa ya pili. Katika maandishi yangu malkia anatoka sehemu ya tano, anafanya ghasia, na mwisho wa sehemu ya sita anarudishwa deleni. Chuoni nilifundishwa kuacha mlango wazi kwa mfululizo mwingine, na mimi mafunzo yangu niliyalipia.

"Utacheza mwenyewe, sehemu ya mwisho," nikamwambia haraka.

"Nitacheza. Na dele langu nalitaka. Usije na maneno matupu hapa, wala na dele tupu."

Tukaanza. Hadithi yangu ilikuwa hivi: binti wa malkia anakuja nchi kavu kumtafuta mama yake. Kijana wa mjini amelirithi dele bila kujua lina nini, anampenda binti, na binti anataka mahari moja tu, lile dele. Kijana nilimpata katika wanaotembeza wageni, mrefu, meno mazuri, anajua kusema samahani kwa lugha sita. Binti nilimpata kwa fundi cherehani wa jirani, mwanawe mwenyewe, na yule baba alikuwa na sharti lake: kila anapokwenda bintiye, naye yupo. Siku ya Chwaka alikuja na kiti chake.

Siku hiyo nilitaka binti atokee baharini jua linapopanda. Diploma yangu ilijua kila kitu kuhusu jua na haikujua kitu kuhusu maji ya Chwaka. Tulipofika yalikuwa yameshatoka, yamekwenda huko mbali, na binti wa malkia wa majini ikabidi aje kwa miguu kwenye matope, vifuu vya nazi miguuni, katikati ya wanawake wanaochuma mwani.

"Jini gani huyu anatembea kama ana mbigiri?" mmoja akauliza.

"Jini la mjini hilo," mwenziwe akamjibu. "Halijazoea."

Niliitumia picha ile ile, na vicheko vyao vimo. Sehemu ya kwanza, itazameni.

Sehemu ya nne ndipo penye nikahi. Tulipiga kwenye ukumbi wa nyumba moja hapa mjini, ubani unafuka, masinia saba yanang'aa. Mtu niliyempa nafasi ya ami wa binti, atakayemuozesha, alikwama Dar es Salaam. Nikaangaza huku na huku. Nani amekuja na kanzu safi, na maneno ameshayasikia kila siku ya mazoezi? Baba wa binti, kwenye kiti chake. Nikamvisha kilemba. Mashahidi nikawachukua wazee wawili wa barazani waliokuja kunicheka, mmoja wao fundi saa, nao nikawavisha vilemba vya majini. Nilijiona hodari. Mtu aliyesoma huwa hakosi la kufanya.

Sheria yangu kwa waigizaji ilikuwa moja, na nilikuwa nimewapigia kelele kwayo wiki nzima: liwe liwalo, hakuna anayesimama mpaka mimi niseme "kata". Mtu akikosea, mwenziwe amfuate.

Kamera ikawaka. Baba akaushika mkono wa kijana, akakohoa, na machozi yakamlenga, machozi ambayo sikuyaandika. Na pale alipotakiwa kutaja jina la binti wa majini, akataja jina la mwanawe, lile alilompa siku ya saba, na lake mwenyewe juu yake. "Nimekuozesha," akasema, "kwa mahari ya dele hili."

Kijana hakusita. Alifuata. Akalitaja jina lile lile, kamili, akasema ameikubali ndoa yake kwa mahari yaliyotajwa, na dele likaingia mikononi mwa binti.

Mimi nilisikia. Nasema ukweli, nilisikia. Lakini picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba mdomo wangu ulikataa kusema kata.

Aliyesema ni fundi saa. Akasimama na kilemba chake cha jini. "Jamani! Hii ishafungika!"

"Kaa chini, tunapiga picha!"

"Nikae nini? Baba yake huyu, jina lake hili, mimi na mwenzangu mashahidi, mahari mkononi. Ndoa haina mzaha, hata mtoto wa chuoni anajua. Kijana, hongera. Wewe mwenye diploma, ndoa za watu alikufundisha nani?"

Mwenye nyumba, aliyekuwa jikoni, alisikia hongera, akapiga kigelegele. Baada ya hapo hata ningekuwa na diploma tatu nisingeweza kuuzima mtaa.

Baba alimchukua binti mkono mmoja, dele mkono wa pili, akaenda nalo kwake akalifungia kabatini. "Mahari ya mwanangu," aliniambia dirishani. "Likitoka hapa, linatoka na yeye." Sehemu mbili zilikuwa zimebaki. Binti hayupo, dele halipo, na kule Bububu kuna mtu ananisubiri.

Tukaenda kwa sheikh, sote. Nilimwonyesha picha kwenye kompyuta yangu. Akaitazama. Akaomba airudie. Mara ya tatu akauliza, "Na sehemu ya kwanza inasemaje?" Tukamwonyesha sehemu tatu zote, na alipofika kwenye vifuu vya Chwaka alificha mdomo kwa ncha ya kilemba.

Kisha akakaa sawa. "Juu ya ndoa ya kuigiza tu, wenye elimu wana maneno mengi. Lakini hapa mmeweka kila kitu cha kweli isipokuwa nia, na nia siioni kwenye kompyuta. Shaka haiachwi ikae. Ama waachane kwa salama, ama waoane sawasawa, kwa mahari ya haki. Kwa sababu dele hili ni la nani?"

Nikasema, "La kuazima."

"Basi huwezi kumuozesha mtu kwa mali ya mtu. Dele lirudi kwa mwenyewe."

Nilipumua. Lakini baba akasema mwanawe hataachwa kabla hajaolewa, haijapata kusikika. Kijana, alipoulizwa, alitazama mkeka. "Mimi nlifuata maagizo ya mwongozaji," akasema. "Na sijutii kumfuata." Muongo mkubwa, siku zote za mazoezi alikuwa akikosea makusudi ili turudie pale anapomshika mkono.

Ikabaki kwa binti. Kwetu bikira akinyamaza amekubali, na sote tukatega masikio tusikie kimya chake. Hakunyamaza.

"Yeye nnamkubali," alisema. "Mahari yangu msahafu na cherehani ya umeme. Dele si langu, lichukueni." Akanigeukia. "Ila wewe, kaka, ukitaka nirudi kwenye kamera, mama yangu harudi deleni. Sehemu nne nzima namtafuta kwenye matope, halafu nimfunge kwa mkono wangu? Nani ataitazama hiyo?"

Nikamweleza kuhusu kuacha mlango wazi. Nikamtajia chuo. Akasema, "Basi mwite mwalimu wako avae vifuu."

Siku tatu nilijifungia na maandishi yangu, na nitakiri hapa kitu ambacho barazani sijakikiri: alisema kweli. Nikaandika upya. Bi Malkia alikuja na kanga yake mwenyewe, akasimama nyuma ya moshi wa ubani, akatoka. Hakusema neno hata moja kati ya niliyomwandikia. Alijinyoosha mgongo tu, polepole, kama mtu aliyekaa pahala pembamba muda mrefu, akauliza, "Kahawa ipo?" Hakuna aliyehitaji kuambiwa kata. Tulikuwa tunalia na kucheka.

Ilionyeshwa baada ya Idi, sehemu zote sita. Televisheni ya barazani ilizungukwa mpaka njiani. Fundi saa alitazama mpaka mwisho, akasema saa yake ndiyo iliyocheza vizuri kuliko wote.

Kituo kilipolipa, nilikodi mkokoteni. Masinia saba yakarudi na halua. Zulia likarudi limefungwa na udi ndani. Kitanda kikarudi na shuka mpya, na jirani akaniuliza kama majini yalilala humo kweli. Taa za vijana wa Tunguu zikarudi na tende katikati ya nyaya, jambo ambalo mpaka leo wananilaumu. Ndani ya saa ya fundi saa nilijaza visheti mpaka mlangoni, pendulo ikasimama.

"Umeniharibia saa," akasema, anatafuna.

Jioni nikafika Bububu. Dele lilikuwa na visheti vya harusi ya wale wawili, binti alikwisha kuvijaza mwenyewe. Bi Malkia akafunua kifuniko, akanusa, akaridhika. Kisha akaligeuza dele kwenye mwanga, na kidole chake kikasimama ubavuni.

"Huu ubonyeo haukuwapo."

"Ulikuwapo, Bi."

"Nakwambia haukuwapo. Hili dele nnalifuta kila Ijumaa."

Nikatoa simu, nikamtafutia filamu ya zamani, dakika ile kifuniko kinapofungwa, nikaisimamisha. Ubonyeo huo hapo, ubavuni, mkubwa kama tumbo la kijiko. Akaitazama picha, akalitazama dele, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Yule bwana aliyenifungia," alisema. "Nlimpiga nalo kabla hawajawasha kamera. Nlishasahau." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akalirudisha dele kabatini, akafunga. "Basi wewe hukusoma bure."